Jumamosi ya Redio: Mgololo Kabla ya Televisheni

Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Southern Paper Mills, kilianza uzalishaji mwaka 1985. Septemba 28 mwaka huohuo, huko Uingereza, kituo cha ITV kilirusha kwa mara ya mwisho World of Sport, kipindi kilichowaweka Waingereza sebuleni kila Jumamosi mchana kwa miaka 20. Mambo hayo mawili hayahusiani, ila yakiwekwa pamoja yanaonyesha umbali uliokuwepo. Wenzetu walikuwa wanazika vipindi vya michezo vilivyozeeka, na Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni.

Jumamosi yao ilikuwa na ratiba iliyokaririwa na watoto. BBC ilianza na Grandstand Oktoba 11, 1958, kisha ITV ikajibu na World of Sport Januari 2, 1965. Mchana ulikuwa wa mbio za farasi, raga na, kwa upande wa ITV, mieleka ya saa 10 jioni, enzi za Big Daddy na Giant Haystacks, miamba ya matumbo makubwa ambayo bibi vizee waliishangilia kwa kupunga mikoba. Baadaye matokeo ya soka yaliandikwa kwenye skrini herufi kwa herufi, huku waliobashiri matokeo kwa pesa wakiwa wameshika karatasi zao. Usiku kulikuwa na Doctor Who, michezo ya Bruce Forsyth, na kuanzia Agosti 22, 1964, Match of the Day. Ligi ya soka yenyewe haikuonyeshwa moja kwa moja alasiri, na sababu yake nitaifikia.

Huku kwetu hali ilikuwa ni uamuzi wa siasa. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ikawa na yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, ikizitangulia nchi nyingi za bara hili. Serikali ya Mwalimu Nyerere upande wa Bara iliona televisheni ni anasa ya wachache wa mjini katika nchi ya wakulima, na fedha za kigeni zina kazi nyingine. Wenye seti Dar es Salaam walielekeza antena Unguja. Mtu wa Mufindi, wilaya ya Mgololo, hata angekuwa na seti, angeielekeza wapi?

Kwa hiyo Jumamosi ya Nyanda za Juu Kusini ilikuwa mali ya Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Redio nyingi zilikuwa za National, zilizounganishwa Dar es Salaam, au Philips za Arusha. Betri zilikuwa shida kuzipata miaka ya mwanzo ya 1980. Zikilegea zilianikwa juani, dawa yenye matatizo yake katika wilaya ambayo ukungu unaweza kukaa juu ya chai na paina mpaka saa sita mchana. Ndiyo maana redio haikuwashwa ovyo. Betri zilitunziwa habari, salamu na mpira.

Februari 2, 1974 ilikuwa Jumamosi. Alasiri ya Christchurch, New Zealand, ilikuwa asubuhi ya Mufindi, kwa kuwa walitutangulia kwa saa tisa. Katika fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, kijana wa Karatu mwenye miaka 20, Filbert Bayi, alichomoka tangu mlio wa bastola na hakuna aliyempita hadi utepe. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun iliyodumu tangu 1967. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa akimfukuza mbele ya watu wake, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani na bado akawa wa pili. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Waingereza walizipata picha za mbio hizo kwenye televisheni. Sisi wenye mkimbiaji tulipata sauti tu.

Agosti 10 mwaka huo, Jumamosi tena, Simba na Yanga walipelekwa Nyamagana, Mwanza, kuamua ubingwa wa taifa. Adam Sabu aliifungia Simba mapema. Dakika zikayoyoma, Wanasimba wakaanza kusherehekea, na zikiwa zimebaki kama tatu tu Gibson Sembuli akasawazisha. Katika muda wa nyongeza Sunday Manara akaimaliza kazi: Yanga 2, Simba 1. Bado inahesabiwa na wengi kuwa mechi kali kuliko zote za watani hao. Walioiona kwa macho ni wale walioenea katika uwanja mdogo wa Nyamagana. Nchi nzima iliyobaki inaisimulia kana kwamba ilikuwepo.

Hapo ndipo ufundi wa watangazaji wa RTD unapoonekana, na kwa maoni yangu hatujaulipa heshima inayostahili. Ahmed Jongo na wenzake, na baadaye Halima Mchuka, mwanamke aliyeingia katika kazi iliyoaminika kuwa ya wanaume, walikuwa na jukumu ambalo mtangazaji wa Grandstand hakuwa nalo: kumjengea uwanja mtu asiyeuona. Walianza kwa kueleza timu ipi inashambulia goli la kaskazini na ipi la kusini, nani kavaa nini, upepo unaelekea wapi. Mpira ukiambaa winga ya kulia, msikilizaji alijua uko upande wa jukwaa kuu au wa pili. Ukimya wa sekunde mbili ulitosha kusimamisha mapigo ya moyo. Mtangazaji wa televisheni anaweza kunyamaza, picha ikaongea. Wa redio akinyamaza, uwanja unatoweka.

Mpira ukiisha, burudani ilikuja kwa mlango huohuo. RTD ilikuwa na studio yake, na bendi zilizotaka kusikika zilirekodi hapo. Santuri zetu nyingi zilikuwa zikichapwa Kenya, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukafungwa, mikanda ya RTD ikabaki karibu njia pekee ya wimbo mpya kufika kijijini. Iringa haikukaa kimya. Kiwanda cha kuchonga almasi cha mji huo kiliunda Tancut Almasi Orchestra, iliyokuwa na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na mtindo wao wa Fimbo Lugoda ukavuma hadi Pwani. Kwenye soka, Rungwe nako, Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, waliutwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986. Ikawa zamu ya Dar es Salaam kutega sikio kusikiliza habari za kusini.

Mgololo yenyewe ilikuwa mji wa kiwanda porini, kando ya reli ya TAZARA, ukilishwa magogo ya Sao Hill. Mashine ya karatasi haizimwi kwa sababu ni Jumamosi, na mtu wa shifti ya mchana aliukuta mpira umekwisha na kusimuliwa na wenzake. Kiwanda kilijengwa kitoe karatasi za kuandikia na za magazeti, lakini gazeti la Mzalendo la Jumapili, lenye matokeo ya jana yake, lilipaswa kusafiri kutoka Dar es Salaam mpaka huko.

Jumamosi kubwa ya mwisho ya enzi hiyo ilikuwa Novemba 27, 1993. Simba, iliyokuwa imetoka suluhu na Stella huko Abidjan, ilihitaji ushindi tu Dar es Salaam ili ichukue Kombe la CAF. Stella Abidjan wakashinda 2-0 mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi, mabao yote ya Boli Zozo. Mwaka uliofuata, 1994, ITV ya hapa kwetu na vituo vingine vya binafsi vikaanza kurusha matangazo Dar es Salaam.

Redio haikufa siku hiyo. Miaka mingi baadaye Charles Hilary, aliyepitia RTD, na Salim Kikeke walikaa London wakiitangaza Ligi Kuu ya England kwa Kiswahili katika Idhaa ya BBC, siku za Jumamosi, kwa ufundi uleule wa kuujenga uwanja kwa maneno.

Sasa kuna vibanda umiza vya kutazamia mpira, na Jumamosi saa 11 jioni, au saa 12 wakati wa baridi ya Ulaya, mechi za England zinaonyeshwa moja kwa moja. Hizo ni mechi za saa 9 alasiri kwa saa za London. Tangu miaka ya 1960 Uingereza imezuia soka kurushwa moja kwa moja muda huo, ili mashabiki waende viwanjani, ndiyo maana ligi haikuonekana moja kwa moja kwenye World of Sport. Katazo hilo bado lipo. Mtazamaji wa kibanda umiza Tanzania anaiona mechi ambayo jirani wa uwanja huko London, akiwa sebuleni kwake, haruhusiwi kuonyeshwa.