Nyota Mwishoni mwa Neno: Historia ya Alama za Kutafutia na Nafasi ya Kiswahili

Mtunzi anayesaka vina na mwanafunzi anayepekua kamusi wana swali moja lililo kongwe kuliko kompyuta: neno lishikwe wapi ili lipatikane? Kichwani, kiunoni au mkiani? Zipo zana ndogo za kutafutia tovuti, yaani viunganishi na alama tunazoziandika kati ya maneno, ambazo zililijibu swali hilo kabla Kiswahili hakijaulizwa. Historia yake ni fupi, lakini athari yake tunayo hadi leo.

Chimbuko lake ni George Boole, mtoto wa fundi viatu aliyezaliwa Lincoln, Uingereza, mwaka 1815. Alifungua shule yake mwenyewe akiwa na umri wa miaka 19, jambo ambalo mimi niliyezeeka na chaki siwezi kulipita kimya. Mwaka 1854, wakati akifundisha Cork huko Ayalandi, alichapisha kitabu chake juu ya kanuni za fikra, akaonesha kuwa kauli zinaweza kukokotolewa kama hesabu. Kutoka kwake tumerithi viunganishi vitatu: AND, OR na NOT. Ukiandika tenzi AND Pate, unadai vyote viwili viwepo. Ukiandika tenzi OR tendi, kimojawapo kinatosha. Ukiandika jahazi NOT taarab, unataka chombo cha baharini, si kikundi cha muziki chenye jina hilo.

Wakutubi walivizoea viunganishi hivyo mapema kuliko sisi. Huduma ya Dialog ya Marekani ilipoanza kufanya biashara mwaka 1972, mteja alilipia muda aliounganishwa na mtambo. Kwa hiyo mkutubi hodari aliliandaa swali lake kwenye karatasi kabla ya kugusa kibodi, kama mtunzi anayehesabu mizani kabla ya kuuandika mshororo.

Kisha zikaja saraka za tovuti. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walianza kuorodhesha tovuti kwa mada, na orodha hiyo ikawa Yahoo. Mwaka 1998 ikazaliwa saraka nyingine iliyojulikana kama DMOZ, iliyohaririwa na watu wa kujitolea, na ambamo Kiswahili nacho kilikuwa na rafu yake miongoni mwa lugha za dunia. Saraka haikuwa mtambo unaosoma kila ukurasa. Ilikuwa kama maktaba: binadamu aliitazama tovuti, akaiweka katika rafu yake, akaiandikia kichwa na maelezo ya mstari mmoja au miwili.

Hapo ndipo ugumu wetu ulipojificha. Aliyetafuta ndani ya saraka hakuyatafuta maneno ya mwenye tovuti bali ya mhariri. Kama mhariri aliandika “mashairi”, nawe ukaandika “ushairi”, mlikuwa mnazungumzia jambo moja na mkapishana mlangoni. Katika ukurasa mrefu neno lingejitokeza kwa sura tano au sita, na moja ingekuangukia. Katika maelezo ya mistari miwili lilijitokeza kwa sura moja tu.

Dawa iliyotolewa ilikuwa kinyota. Mtambo wa AltaVista, uliofunguliwa Desemba 1995, uliruhusu mtafutaji aandike mwanzo wa neno, kisha aweke nyota ichukue mahali pa herufi zilizobaki, ilimradi nyota itanguliwe na herufi tatu au zaidi. Kwa Kiingereza ni dawa nzuri, maana maneno yake mengi hubadilika mkiani: shina hukaa mbele, viambishi hufuata nyuma.

Sasa tulitazame shina letu -imb-. Andika imb* na utapata imba, imbeni, imbwa, imbiana. Lakini mwimbaji hayumo. Waimbaji hawamo. Wimbo haumo, nyimbo hazimo, uimbaji haumo. Wala anaimba, waliimba na hatutaimba. Ukoo karibu wote umebaki nje, kwa sababu Kiswahili hubisha hodi mbele ya neno: ngeli, nafsi, wakati na ukanushi vyote hutangulia shina. Na vitenzi vya silabi moja, kama kula na kufa, vyenye shina la konsonanti moja, havikuwa hata na herufi tatu za kuiegemeza nyota.

Mtunzi naye alikosa vyake. Yeye anapotafuta kina cha -ndo au -zi, anataka nyota iwe mbele na mkia ubaki wazi. Mnasarufi anahitaji nyota pande zote mbili. Wote wawili walipewa kichwa cha neno, wakaambiwa watosheke nacho.

Mvutano huu haukuanza na mitambo. Kamusi sanifu ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliyaweka majina mengi chini ya vitenzi vilivyoyazaa, hivyo mpishi ukamtafuta kwenye pika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, mwaka 1981, ikamweka mpishi kwenye M. Kila mpango una gharama yake. Nimewaona wanafunzi wengi wakipekua herufi W kutafuta “wapishi”, kisha wakatangaza kwamba neno hilo halimo katika kamusi.

Kwa mtafutaji wa Kiswahili, basi, kiunganishi chenye manufaa kilikuwa OR, si nyota: wimbo OR nyimbo OR mwimbaji OR waimbaji OR uimbaji. Kuiandika sentensi hiyo kunahitaji ujuzi wa ngeli na unyambulishaji, yale yale tuliyolaumiwa kuwachosha nayo wanafunzi. Alama za mtajo nazo zilitaka tahadhari. Ukifunga “Mwana Kupona” ndani yake, hutampata aliyeandikwa Mwanakupona; ukifunga “utenzi wa”, umewafungia nje Waamu na wengine wanaoandika utendi. Alama hizo hugandisha tahajia, ilhali fasihi yetu ya pwani imeandikwa kwa tahajia nyingi.

Mitambo mingi ya zamani imekwisha. AltaVista ilifungwa mwaka 2013, saraka ya Yahoo mwaka 2014, DMOZ Machi 2017. Google iliiondoa alama ya kujumlisha kama alama ya kutafutia mwaka 2011, ingawa alama ya kutoa, alama za mtajo na OR vinafanya kazi bado. Nyota yake huchukua nafasi ya neno zima, si ya herufi, kwa hiyo haimsaidii mwenye kutafuta vina.

Jibu linalokifaa Kiswahili lilitoka mahali ambapo wengi wasingedhani. Tangu miaka ya 1980 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alitengeneza programu ya kuchambua maumbo ya maneno ya Kiswahili: inakivua kiambishi kimoja baada ya kingine mpaka ilifikie shina, na inatambua kwamba hatutaimba ni kuimba. Matini zilizokusanywa huko zinaweza kutafutwa kwa shina. Ni kazi ambayo ningependa kuiona ikifanyika Dodoma, Nairobi au Zanzibar kwa ajili ya tenzi na mashairi yetu, pamoja na lahaja zake. Na atakayeiandaa asisahau kuweka nyota mbele ya neno, kwa ajili ya wenye kusaka vina.