Mahame Chini ya Maji: Kwa Nini Capel Celyn Kinakumbukwa

Sisi tunaosoma Liverpool hufungua bomba kila asubuhi, tukajaza birika, tukanywa chai, wala hatuulizi maji yametoka wapi. Mwaka huu tuliuliza. Safari ya chama, ambayo kwa kawaida huishia ufukweni kwa sambusa na upepo wa baridi, ilielekea Wales kaskazini, kwenye ziwa liitwalo Llyn Celyn, karibu na mji mdogo wa Bala. Mwalimu wetu mmoja alikuwa ametueleza kwamba chini ya ziwa lile kuna kijiji, na kwamba kilizamishwa na jiji hili hili tunalosomea.

Kiswahili kina neno kwa mahali walipopahama watu: mahame. Wengi wetu tumezoea mahame ya nchi kavu, mfano wa Gedi, ambako kuta za mawe ya matumbawe bado zimesimama na mtu anaweza kusema hapa palikuwa msikiti, hapa palikuwa kisima. Mahame ya Capel Celyn hayana hata ukuta wa kuegemea. Tuliposhuka basini tuliona maji ya kijivu, milima, kondoo, na ukingo mrefu wa bwawa uliooteshwa majani. Mwenzetu mmoja alisema, "Jamani, hapa hapana kitu." Ndivyo ilivyokusudiwa.

Kijiji hakikuwa kikubwa, tuseme kweli. Katika bonde la mto Tryweryn palikuwa na shule, posta, kanisa dogo lenye makaburi yake, na nyumba na mashamba yapatayo 12. Bonde zima lilikuwa na watu 67, na 48 kati yao walipoteza makazi. Wengi walifuga kondoo. Jumapili watu walikwenda kanisani, na katikati ya juma jengo lilelile liliwakusanya kwa masomo, nyimbo na mashindano ya ushairi, kwani Wawelshi wanaishabikia sanaa hiyo kama watu wa Lamu na Pemba wanavyowashabikia malenga wao. Na yote hayo yalifanyika kwa Kiwelshi. Mtoto alizaliwa kwa Kiwelshi, akafundishwa kuhesabu kwa Kiwelshi, akagombana na nduguye, akaoa, akazikwa, yote kwa lugha moja, bila kulazimika kugeuza ulimi pale alipokaa. Sisi tunaogeuza ulimi mara kumi kabla ya saa sita mchana tulikaa kimya kidogo tuliposikia hivyo.

Mwishoni mwa mwaka 1955 Halmashauri ya Jiji la Liverpool ilikuwa inatafuta bonde la kujaza maji. Bonde jingine lililofikiriwa mwanzo lilikuwa Dolanog, lakini huko ndiko alikoishi Ann Griffiths, mtunzi mashuhuri wa tenzi za Kikristo za Kiwelshi, na makelele yalikuwa makubwa. Macho yakahamia Tryweryn. Wenye bonde walipata habari kupitia gazeti. Hakuna aliyebisha hodi.

Walijitetea. Waliunda kamati, na katibu wake, Elizabeth Watkin Jones, aliandika barua nyingi kutafuta watu wa kuwaunga mkono. Tarehe 21 Novemba 1956 karibu kijiji kizima kilipanda magari kikaja Liverpool, wazee kwa watoto, wakaandamana mitaani na mabango yao hadi kwenye ukumbi wa jiji. Njia waliyopita ni mitaa ambayo sisi hupita tukienda kununua unga na nazi. Madiwani hawakubadili nia.

Lakini kilichowauma Wawelshi zaidi ni namna lilivyopitishwa. Badala ya kuomba kibali kwa mamlaka za mipango za huko Wales, ambazo zingeweza kukataa, Liverpool ilipeleka mswada wake Bungeni London. Kati ya wabunge 36 waliochaguliwa Wales, hakuna hata mmoja aliyeupigia mswada huo kura ya ndiyo. Ulipita hata hivyo, ukawa sheria mwezi Agosti 1957, na waziri aliyeshughulikia mambo ya Wales wakati huo, Henry Brooke, aliuunga mkono. Hesabu hiyo inatosha kueleza mengi yaliyofuata. Nchi nzima ilisema hapana kupitia wawakilishi wake, na hapana hiyo haikuzuia kitu.

Lazima tuwe waadilifu kwa Liverpool pia. Jiji lilipigwa mabomu vibaya mwaka 1940 na 1941. Maelfu ya familia waliishi katika nyumba chakavu zisizo na bafu, na viwanda vilitaka maji ili vitoe kazi. Mama wa Scotland Road aliyekuwa akichota maji uani hakuwa adui wa mtu yeyote. Wapinzani wa bwawa walisema maji yale mengi yalikuwa ya viwanda na biashara kuliko ya kunywa, na kwamba kulikuwa na njia nyingine. Sisi tunaona kosa halikuwa kuhitaji maji. Kosa lilikuwa kuwafanya watu 67 wawe kama mawe ya bondeni, ya kusogezwa.

Shule ilifungwa mwaka 1963, na mwaka huohuo ikafanyika ibada ya mwisho kanisani. Reli iliyopita bondeni ilikuwa imekwisha kufungwa. Likaja jambo la makaburi. Familia chache ziliomba maiti zao zihamishwe. Waliobaki waliachwa pale pale, na ardhi yao ikafunikwa zege kabla ya maji kupanda. Mawe ya makaburi yalihamishiwa kando ya ziwa, ambako leo kuna kanisa dogo la ukumbusho lililotazama maji. Tulisimama mbele ya mawe yale. Majina yapo juu, waliotajwa wako kilindini. Dada mmoja wa Tanga alisoma Fatiha kimyakimya, na hakuna aliyemwuliza kwa nini anawasomea Wakristo.

Bwawa lilifunguliwa rasmi tarehe 21 Oktoba 1965. Waandamanaji walikuwa wengi, nyaya za vipaza sauti zikakatwa, na sherehe ikaisha kwa dakika chache. Maji ya Llyn Celyn hayasafiri kwa bomba moja kwa moja hadi kwetu. Hufunguliwa yakateremka katika mto Dee, kisha huvutwa karibu na Chester na kusafishwa. Kwa hiyo mto wenyewe ndio bomba.

Hapo ndipo likaja swali ambalo lilitushughulisha njia nzima ya kurudi. Capel Celyn hakikuwa kijiji cha kwanza cha Wales kuzamishwa na Liverpool. Katika miaka ya 1880 jiji lilijenga bwawa la Vyrnwy, na kijiji cha Llanwddyn kikaenda chini: nyumba 37, mashamba kumi, kanisa kuu, makanisa mengine mawili, na vilabu vitatu vya pombe. Ni kijiji kikubwa kuliko Capel Celyn kwa kila kipimo. Mbona basi leo mtoto wa shule wa Wales analijua jina la Tryweryn, na Llanwddyn wengi huenda kupiga picha za mnara wake mzuri wakarudi nyumbani bila huzuni?

Jibu letu ni kwamba wakati wa Llanwddyn hakuna aliyedhani Kiwelshi kingeweza kufa. Kilizungumzwa na watu wengi mno, milima kwa mabonde ya makaa ya mawe. Miaka ya 1950 mambo yalikuwa mengine. Sensa ya 1961 ilionyesha waliokijua ni asilimia 26 tu ya watu wa Wales, na kila sensa ilikuwa imeshuka kuliko iliyotangulia. Kijiji ambacho lugha haikuwa na mpinzani kilikuwa sasa kitu cha kuhesabika kwa vidole. Kuzamisha kimoja ilikuwa kama kuchota katika mtungi uliobakiwa na maji ya chini kabisa.

Hasira ilipata pa kwenda. Februari 1962 mwandishi Saunders Lewis alitoa hotuba ya redio juu ya hatima ya Kiwelshi, na mwaka huo huo kikaundwa chama cha kutetea lugha, Cymdeithas yr Iaith Gymraeg, ambacho vijana wake waliziba barabara na kupaka rangi vibao vya Kiingereza. Wachache walikwenda mbali zaidi wakatega mabomu kwenye mitambo ya ujenzi wa bwawa, wakafungwa. Mwaka 1966 Gwynfor Evans, aliyekuwa mstari wa mbele kukitetea kijiji, alishinda kiti cha Carmarthen akawa mbunge wa kwanza wa chama cha Plaid Cymru. Zikafuata sheria za lugha za mwaka 1967, 1993 na 2011. Hatusemi bwawa ndilo lililozaa yote haya. Lakini muulize Mwelshi aliyekuwa kijana miaka ile, na aghalabu ataanza hadithi yake bondeni pale.

Kisha kuna ukuta. Kando ya barabara karibu na Llanrhystud, upande wa bahari, mbali na ziwa, kuna gofu la nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kijana aitwaye Meic Stephens, ambaye baadaye alikuwa msomi wa fasihi, alipaka juu yake maneno mawili ya kuwaambia wapita njia wakumbuke Tryweryn. Aliandika "Cofiwch Tryweryn", na kwa sarufi ya Kiwelshi alikosea. Baada ya kitenzi hicho T ya mwanzo hulainika ikawa D, kwa hiyo watu wakaja kuisahihisha: "Cofiwch Dryweryn". Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walicheka sana, lakini wasituhadae: hata sisi kirefu chetu hugeuka ndefu mbele ya nyumba, na wili ikawa mbili. Lugha inayobadilika mwanzoni mwa neno si mgeni kwetu. Kilichotugusa ni kwamba kauli maarufu kuliko zote za kuitetea lugha ilianza na kosa la sarufi, na hakuna aliyeifuta kwa sababu hiyo. Walirekebisha herufi moja wakaendelea. Mwaka 2019 mtu alipaka jina la Elvis juu yake, na baada ya muda sehemu ya ukuta ikabomolewa. Watu wa kujitolea waliujenga upya, na maneno yaleyale yakaanza kuonekana kwenye kuta sehemu nyingi za Wales.

Basini tulibishana kuhusu neno hiraeth, ambalo Wawelshi hulitumia kwa huzuni ya kukosa kwao, hata kwao kusikokuwapo tena. Mmoja alisema ni ukiwa. Mwingine akasema ukiwa ni wa mahali, hii ni ya moyo, basi ni kihoro. Wa tatu akasema ni hamu tu, tusijikuze. Hatukuafikiana. Ila tulikubaliana kwamba hamu ya namna hiyo hupenda kupamba. Waliosimulia Capel Celyn mara nyingi si waliokaa pale. Katika simulizi zao hakuna paa linalovuja wala kijana anayetaka kuondoka. Na vijana wa mabonde ya Wales walikuwa wakiondoka muda mrefu kabla ya bwawa, na wengi walikuja wapi? Liverpool.

Hili ndilo tulilokuwa hatulijui kabisa. Katika karne ya 19 maelfu ya Wawelshi walihamia hapa. Mafundi wao walijenga mitaa mingi ya jiji, ikiwamo ile ya Toxteth ambayo hadi leo ina majina ya Wales na ambayo baadhi ya wanachama wetu wanapanga vyumba karibu yake. Tamasha lao kubwa la taifa la ushairi na uimbaji, Eisteddfod, lilifanyika Liverpool mwaka 1884, 1900 na 1929. Walikuwa na makanisa, magazeti na vyama vyao, na mikutano ya kupanga chai na mihadhara kama hii yetu. Hawakuzamishwa na mtu. Watoto wao walijibu kwa Kiingereza, wajukuu wakaacha hata kuelewa.

Mwaka 2005 halmashauri ya jiji iliomba radhi kwa yaliyotendeka Tryweryn. Wengine huko Wales waliipokea, wengine walisema imechelewa.

Basi letu lilirudi mjini jioni kupitia Princes Road. Hapo kuna kanisa kubwa la Wawelshi lenye mnara mrefu, lililojengwa katika miaka ya 1860 na kuitwa na watu kanisa kuu lao. Lilifungwa mwaka 1982, likaachwa mpaka paa likaingia ndani. Tumelipita mara ngapi tukienda kwenye mkutano wa chama? Safari hii dereva alisimama kwenye taa nyekundu, na watu wote wa upande wa kushoto wakasogea dirishani kulitazama.