Zile SMS za 2007

Wewe uliyezaliwa ukakuta kila mtu ana simu mkononi, hebu waulize wazazi wako kuhusu ile wiki ya mwisho ya Desemba 2007. Watakwambia habari za kura na za moto. Waulize pia habari za simu.

Kura zilipigwa tarehe 27. Tarehe 30 matokeo yakatangazwa, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Sasa mtu akitaka kujua Kisumu kukoje, au kama barabara ya Nakuru inapitika, amuulize nani? Ikabaki simu.

Na SMS ina tabia yake. Haionyeshi aliyeiandika mwanzo. Inakujia kwa jina la shangazi yako, na kwa kuwa ni shangazi, unaamini. Kwa shilingi chache unawapelekea watu kumi, nao wanaamini kwa sababu ni wewe. Ndivyo zilivyozunguka jumbe za kuchochea kabila hili dhidi ya lile, pamoja na uvumi wa mashambulizi. Si wote waliozisambaza walikuwa wabaya. Wengi walikuwa na hofu tu, na hofu haina subira.

Serikalini likaja wazo la kuzima SMS kabisa. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, akashauri afadhali zitumike kupeleka jumbe za amani, na mamilioni ya wateja wakatumiwa. Mimi naona ushauri ule ulikuwa wa maana, wala si kwa ajili ya jumbe za amani pekee. Hebu fikiria: maduka yamefungwa, kadi za kukwangua hazipatikani au zinauzwa bei ya kuruka, mtu amekwama Kibera na watoto hana hata unga. Jamaa yake aliye mbali ndiye aliyemtumia salio kwa Sambaza, au pesa kwa M-Pesa, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa haijatimiza mwaka tangu ianze Machi 2007. Na uthibitisho wa M-Pesa unakuja kwa nini? Kwa SMS hiyo hiyo.

Januari 2008 Wakenya wachache wakaanzisha Ushahidi, ambapo mwananchi alituma habari ya tukio na likawekwa kwenye ramani. Hapo angalau kulikuwa na watu wanaouliza, je, hili limethibitishwa?

Mapatano yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa zaidi ya 1,100.

Mwaka 2010 serikali ikaagiza kila laini isajiliwe kwa jina la mwenyewe. Ilisaidia kujua simu ni ya nani. Lakini yule shangazi laini yake ilikuwa inajulikana tangu hapo. Kisichojulikana ni nani aliyemtumia yeye.