Ushahidi wa Visiwa: Unguja na Pemba katika Historia ya Utafiti wa Limfoma ya Burkitt, 1958–1989

Magonjwa ya damu yanayotokana na mabadiliko ya jeni ni ya namna mbili. Selimundu hurithiwa, mtoto huzaliwa nayo. Limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayokua kwa kasi na aghalabu huonekana kwanza katika taya, hutokana na badiliko linalotokea baada ya kuzaliwa, ndani ya chembe nyeupe moja ya damu ambayo kisha huzaana bila kikomo. Insha hii inachunguza jinsi Unguja na Pemba zilivyoingizwa katika mjadala kuhusu chanzo cha saratani hiyo. Hoja yake ni kwamba dai lililojengwa juu ya visiwa hivyo lilikuwa sahihi kwa mwelekeo wake, lakini ushahidi wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko ulivyochukuliwa.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda. Mwishoni mwa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama ugonjwa huo ulikuwa umeonekana. Ramani iliyopatikana ilionyesha ukanda wenye joto na mvua nyingi, huku nyanda za juu zenye baridi zikiwa karibu hazina wagonjwa. Burkitt alishuku kirusi kinachoenezwa na mdudu. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza London kwamba wameona virusi vipya katika chembe za uvimbe huo. Hata hivyo, ilibainika baadaye kuwa virusi hivyo vimeenea duniani kote, ilhali uvimbe haukuenea hivyo. Ilibidi kutafuta sababu ya pili, na Gilbert Dalldorf, aliyechunguza hali ya Kenya, alikuwa amekwisha kuelekeza macho kwenye malaria.

Hapo ndipo visiwa vilipopata umuhimu. Kwa joto na mvua, Unguja na Pemba hazikutofautiana sana na pwani ya bara, na zilipaswa kuwa ndani ya ukanda wa uvimbe. Badala yake zilitajwa miongoni mwa mahali ambapo uvimbe ulikuwa nadra. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1968, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, nyumba za visiwani zilipuliziwa dawa za kuua mbu, na malaria ilishuka sana. Ulinganisho ulivutia: hali ya hewa ni ile ile, malaria imepungua, na uvimbe haupo.

Ulinganisho huo una udhaifu wa aina tatu. Kwanza ni idadi. Sensa ya 1958 ilihesabu watu 299,111 katika visiwa vyote. Hata panapokithiri, ugonjwa huu huwapata watoto wachache tu kwa kila 100,000 kwa mwaka. Kwa hiyo wagonjwa waliotarajiwa Zanzibar walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na pengo la mwaka mmoja au miwili lingeweza kuwa la bahati tu. Pili ni wakati. Uvimbe huwapata zaidi watoto wa takriban miaka mitano hadi tisa. Wengi waliofikia umri huo mwanzoni mwa miaka ya 1960 walizaliwa kabla ya upuliziaji, na walikwisha kuumwa malaria mara nyingi. Tatu ni njia ya mgonjwa. Mtoto wa Nungwi au Makunduchi aliyevimba taya angeingia katika hesabu iwapo tu angefikishwa hospitali kuu ya Mnazi Mmoja, pembezoni mwa Mji Mkongwe, na ugonjwa wake ukatambuliwa. Kukosekana kwa mgonjwa daftarini si sawa na kukosekana kwa ugonjwa.

Zaidi ya hayo, upuliziaji ulipokoma mwaka 1968, malaria ilirejea kwa kishindo. Kama hoja ilikuwa kweli, uvimbe nao ulipaswa kuongezeka. Waliovitaja visiwa katika miaka ya 1960 walikuwa na nusu ya kwanza tu ya jaribio.

Jaribio la kupangwa lilifanywa bara, Mara Kaskazini, kati ya 1977 na 1982, ambapo watoto wa chini ya miaka kumi waligawiwa klorokwini. Ripoti ya 1989 ilieleza kwamba wagonjwa wa limfoma walipungua, lakini upungufu huo ulianza kabla ya dawa kugawiwa. Matokeo yakabaki bila uamuzi.

Uthibitisho ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake walionyesha kwamba kipande cha kromosomu 8 huhamia kromosomu 14. Mwaka 1982 jeni iliyohamishwa ilitambuliwa kuwa MYC, inayoamuru chembe izaane. Tafiti za karne hii zimeeleza kiungo kilichokosekana: malaria ya mara kwa mara hulazimisha chembe zinazotengeneza kingamwili kuongezeka, na kimeng'enya kinachokata jeni zao ili kuboresha kingamwili huweza kukata mahali pasipostahili.

Basi waliovitaja visiwa walilenga palipo sahihi kwa ushahidi usiotosha. Somo hilo lina uzito leo, ambapo maambukizi ya malaria Unguja yameshuka hadi chini ya asilimia moja na ulinganisho wa zamani unaweza kurudiwa. Utakuwa na thamani ikiwa tu kila mtoto mwenye uvimbe atahesabiwa, wa shamba sawa na wa mjini.