Mweze Ngangura, Mtengeneza Sinema wa Bukavu

Zamani za Wabelgiji, picha za sinema za Kongo zilitengenezwa hasa na Wazungu: watu wa serikali na mapadre wamisionari. Mkongo alionekana katika picha, lakini siye aliyeisimulia habari yake.

Mweze Ngangura alizaliwa Bukavu mwaka 1950. Alijifunza kazi ya sinema Ubelgiji, kisha akarudi Kinshasa, akafundisha wengine. Mwaka 1987, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, alitoa «La Vie est belle». Humo Papa Wemba ni kijana wa kijijini anayekuja mjini kutafuta riziki kwa muziki.

Mwaka 1998 akatoa «Pièces d'identités», ndiyo kusema Vyeti vya Utambulisho. Mfalme mzee, Mani Kongo, anakwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake, aliyepelekwa huko kusoma angali mtoto. Mjini Brussels shida inamshika hata anaweka rehani alama za ufalme wake. Mwaka 1999, kule Ouagadougou, picha hiyo ilipewa Étalon de Yennenga, tuzo kubwa ya sinema ya Afrika.

Ndugu wasomaji, cheti hutaja jina la mtu tu. Mfalme yule alitaka zaidi: mwana amtambue baba yake.