Jangwani na Msimbazi: Kiwanja cha Yanga katika Historia na Lugha



Mwanafunzi wa majina ya mahali hana haja ya kwenda mbali ili kuona jina linalokinzana na ardhi yake. Jangwani, Dar es Salaam, pamo katika bonde la mto Msimbazi, kati ya Kariakoo na Magomeni, na mvua kubwa inaponyesha hugeuka kuwa ziwa. Kinzano hilo hupungua tukikumbuka kwamba jangwa, katika matumizi mapana, ni ardhi yoyote tupu isiyolimwa wala kukaliwa. Kwa nini ilibaki tupu, maji yenyewe yanajieleza.

Humo, penye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, ndipo yalipo makao makuu ya klabu ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935. Kiwanja chake kinaitwa Kaunda, kwa heshima ya Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia. Mahasimu wake, waliojitenga mwaka 1936 na kuchukua jina la Simba mwaka 1971, huitwa Wekundu wa Msimbazi, kutokana na mtaa wa Msimbazi uliopo Kariakoo. Basi mto unaokifurika kiwanja cha Watoto wa Jangwani una jina la mtaa wa watani wao. Sijui mtunzi gani wa tamthilia angethubutu kubuni jambo kama hilo.

Kwa sababu ya maji na ufinyu, Kaunda kilibaki kuwa kiwanja cha mazoezi. Mechi kubwa zilichezwa Uwanja wa Taifa, ule ambao bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa Desemba 1961. Simba nao walicheza hapohapo. Matokeo yake kilugha ni ya kuvutia: neno "mwenyeji", ambalo kwetu humtaja mtu wa mahali, katika mechi ya watani hao lilikuja kumtaja yule tu aliyeandikwa kwanza kwenye ratiba. Wote walikuwa wageni wa serikali.

Uwanja mpya wa watu 60,000 ulipofunguliwa mwaka 2007, jina la Taifa lilihamia huko, na ule wa zamani ukawa Uwanja wa Uhuru. Mwaka 2020, alipofariki Benjamin Mkapa, uwanja mpya ulipewa jina lake. Mashabiki hawakungoja wanaisimu: walisema "kwa Mkapa", kama mtu anayekwenda kwa jirani, kisha wakaongeza "Lupaso", kijiji alichozaliwa Mkapa huko Masasi. Hivyo kijiji cha kusini kimepata makazi Temeke.

Kaunda hakikupata bahati hiyo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha wakazi wengi wa bonde hadi Mabwepande, na hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa baadaye Jangwani imefurika mara kadhaa. Katika msimu wa 2023/24 Yanga iliandaa mechi zake nyingi za ligi Chamazi, kwenye uwanja wa Azam, klabu changa kuliko Yanga kwa miongo mingi, lakini yenye uwanja wake. Magazetini, hata hivyo, timu iliyocheza Chamazi iliendelea kuandikwa Watoto wa Jangwani.