Uzito wa Shilingi Milioni Moja

Noti moja ina uzito wa gramu moja hivi, na noti mia zikipangwa pamoja hufikia unene wa sentimita moja. Kwa kipimo hicho kidogo, askari aliyekuwa zamu Bwera, mpakani mwa Uganda na nchi iliyoitwa Zaire, angeweza kuisoma historia ya fedha bila kufungua daftari la benki.

Katika miaka ya 1970 noti kubwa kuliko zote nchini Uganda ilikuwa ya shilingi 100. Basi shilingi milioni moja zilikuwa noti 10,000: mnara wa mita moja, unaofika kwenye mshipi wa askari, wenye uzito wa kilo 10, yaani karibu sawa na bunduki mbili za AK-47 zilizojaa risasi. Na mzigo huo ulikuwa mali kweli. Kwa kiwango rasmi cha mwaka 1970, ulikuwa sawa na dola 140,000 za Marekani.

Kisha uchumi ukavurugwa chini ya utawala wa Amin. Shaba ya Kilembe ikapungua, na kahawa ikavushwa kwa magendo, kwani mkulima hakuona faida ya kupokea karatasi zisizonunua sabuni. Zikachapwa noti kubwa zaidi: ya shilingi 1,000 mwaka 1983, na ya 5,000 mwaka 1985. Mnara wa milioni ukashuka hadi sentimita mbili, wala hakuna aliyetajirika.

Mwezi Mei 1987 Serikali ilibadilisha fedha. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya, na asilimia 30 ikakatwa. Mfanyabiashara wa Kasese aliyeficha milioni yake chini ya kitanda angepata shilingi 7,000: noti 70 za shilingi mia mia, unene wa milimita 7, thamani ya dola 117 hivi. Jirani yake mwenye mbuzi hakukatwa hata ukwato. Lakini askari aliyeweka akiba ya mshahara sandukuni kambini alikatwa sawasawa na mlanguzi, na hilo ndilo lililouma.

Ng'ambo ya mto Lhubiriha mambo yalizidi. Mwaka 1992 Zaire ilitoa noti ya zaire 5,000,000. Oktoba 1993, zaire milioni tatu zikageuzwa kuwa zaire mpya moja tu, na noti ile ikabaki na thamani ya zaire mpya moja na theluthi mbili. Milioni tano hizo zilikuwa na uzito wa gramu moja.